Shuka Lenye Mstari Mwekundu

Siku mbunge wao, Mheshimiwa Ermete Zanellato, alipotoweka, kila dirisha la kijiji cha Ca' Morella lilikuwa limetundikwa shuka isipokuwa moja. Ilikuwa Alhamisi, Sikukuu ya Ekaristi, siku ya kupamba madirisha kwa heshima ya maandamano ya padre, na jua la mwisho wa Mei lilikuwa limekausha matope ya uani mpaka yakapasuka. Argia alikuwa amepiga magoti kando ya kisima, majirani wakipita huku na huku, anasugua sufuria ya ugali kwa majivu, alipoona viatu vimesimama karibu na mkono wake. Viatu vya ngozi, vimepakwa mafuta. Hakuwa na haja ya kuinua kichwa kumjua mwenyewe.

"Hamjambo humu," alisema Barbujani, nyapara wa shamba.

"Hatujambo, bwana."

"Nimezunguka nyumba zote. Zote zimevaa nguo nyeupe. Hii yako tu iko uchi."

Argia aliendelea kusugua. Kwa miaka kumi hakuna aliyetundika kitu Ca' Morella siku ile. Chama cha vibarua kilikuwa kimeamua hivyo, na padre alipita na Ekaristi yake katikati ya kuta tupu, huku wanaume wamekaa vizingitini na kofia vichwani. Walijisifia jambo hilo mpaka vijiji vya jirani vikachoka kulisikia. Lakini tangu Februari vijana wa mashati meusi walikuwa wamechoma ofisi ya Chama na kuvunja duka la ushirika. Primo Marangon, katibu, walimnywesha mafuta ya mbarika yanayoharisha mbele ya mkewe, wakamtupa kwenye lori wakaondoka naye. Alirudi kwa miguu siku ya pili. Hakusema walimpeleka wapi, wala walimuuliza nini. Sasa mke wa Primo alikuwa ametundika shuka la kitanda, na la meza pia.

"Hatuna shuka, bwana. Tunalalia magunia."

"Mnalo. Nimeliona mwenyewe kwenye dirisha lile la juu. La katani, lina mstari mwekundu pindoni." Barbujani alitabasamu kidogo. "La arusi, siyo?"

Mkono wa Argia ulisimama ndani ya sufuria.

"Limechakaa lile. Aibu tupu."

"Mungu haangalii viraka. Anayeangalia ni bwana mkubwa, naye anaangalia kwa macho yangu." Aliinama akaokota unyasi, akautia mdomoni. "Siku ya Mtakatifu Martino, siku ya kuhamisha watu, haiko mbali, Argia. Kuna watu wananiomba nyumba hii, tena watu wenye wanaume ndani. Wewe ni mjane. Mimi nimekuwa nikikutetea."

Kabla hajajibu, mama mkwe wake alichomoza mlangoni na fimbo yake. Pasqua alikuwa amevaa gauni lake jeusi la kanisani tangu alfajiri.

"Lipo, bwana nyapara! Limo kashani, mie nalijua lilipo! Miaka kumi namwambia huyu tumwekee Bwana Yesu hata kitambaa. Hasikii. Yeye na Mheshimiwa wake."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze? Nimenyamaza mpaka nimezeeka!"

Barbujani aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Argia asingeweza kumwambia kwa nini hataki. Tangu Februari hiyo, mashati meusi walikuwa wamempiga Mheshimiwa marufuku kukanyaga upande huu wa mto. Kwa hiyo alikuwa akija kwa siri kukutana na watu wa Chama. Mchimba mchanga mmoja alikuwa akimvusha mto Po kutoka upande wa Ferrara, naye Mheshimiwa akipanda tuta nyuma ya miti ya mipopla na kutazama dirisha la Argia. Shuka lipo, njia nyeupe. Shuka halipo, arudi alikotoka. Primo ndiye aliyechagua dirisha. Argia ndiye aliyechagua shuka, kwa ajili ya ule mstari, lisije likachanganywa na la mtu mwingine. Nje ya wale waliokutana naye, hakuna mwingine aliyejua. Hata Pasqua alidhani mkwewe amekuwa mwanamke safi ghafla, anaanika shuka kila Jumamosi.

Na hakuna kati yao aliyekumbuka Ekaristi. Walikuwa wamejisifia kutotundika kwa muda mrefu, mpaka ikawatoka akilini kwamba madirisha yana kazi hiyo.

Alijiambia: leo Alhamisi, yeye huja Jumamosi. Akajiambia: madirisha yote ni meupe, mtu mwenye macho ataona ni sikukuu. Akapanda ngazi, akafungua kasha.

Barbujani hakuondoka. Alisimama chini ya dirisha na mikono nyuma, akitazama shuka likishuka ukutani.

"Kushoto kidogo," alisema. "Hivyo hivyo. Mstari uonekane."

Maandamano yalipita. Padre Artemio alikuwa chini ya mwavuli wa hariri, wasichana wanarusha maua ya manjano, wanaume wa Chama wamevua kofia na kutazama ardhi. Argia hakumtazama padre. Alitazama juu ya vichwa vyao, kwenye mipopla. Hapakuwa na mtu. Mkia wa maandamano ulipopinda kuelekea kanisani ndipo alipomwona: ile kofia pana nyeusi, ile tai iliyofungwa kama kipepeo, anateremka tuta na mkono mmoja mfukoni kama mtu aliyealikwa chakula cha mchana.

Alishika shuka alivute.

"Liache," ilitoka sauti chini. "Padre bado atarudi njia hii."

Akaliachia. Akainua mkono, akaupunga kwa nguvu, kiganja kikimsukuma yule mtu nyuma: rudi, rudi, rudi. Mheshimiwa aliona. Alivua kofia, akampungia naye, kwa ule mpungo mpana aliouzoea kwenye viwanja vilivyojaa watu. Kisha akapita nyuma ya tanuri bovu la matofali, mahali ambapo njia inazama kidogo kabla ya kutokeza tena.

Hakutokeza. Upande wa makaburini ilisikika injini ya lori ikiwashwa.

Barbujani alikuwa bado anatafuna unyasi wake.

*

Argia alimjua kabla hajawa Mheshimiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na walikuwa wamekamatwa, yeye na wanawake wengine, wakiokota masuke ya ngano yaliyoanguka shambani kabla mwenye shamba hajaingiza bata mzinga wake. Bata mzinga walikuwa na haki ya kwanza, watu walifuata. Kijana mmoja aliyetoka juzi tu chuoni Bologna, mtoto wa muuza dawa, mwembamba mno, alijitolea kuwatetea. Mahakamani Rovigo alimwita mlinzi wa shamba, akamwekea masuke mawili mbele yake mezani.

"Lipi limeanguka lenyewe, na lipi limeibwa?"

Mlinzi aliyageuza, akayageuza tena.

"Bwana mkubwa ndiye anayejua," alisema.

Mahakama nzima ilicheka, hakimu naye, na wanawake wakaachiwa.

Kwenye kicheko kile ndiko alikoanzia kupanda. Kwanza akawa diwani. Mwaka wa ghasia za mkate akafungwa, akatoka na ndevu. Na wasiojua kusoma walipopewa kura, waume wa wanawake wale wale wakamfanya mbunge, wakambeba mabegani mpaka stesheni. Gelindo, mume wa Argia, alishika mguu wa kushoto na kurudi nyumbani akijivunia alama ya soli kwenye shati. Watoto watatu wa Ca' Morella waliitwa Ermete. Mmoja angeitwa Mgomo, padre akakataa kumbatiza.

Na kila alikohutubia, Mheshimiwa alisimulia habari za Argia na masuke yake. Rovigo alisimulia kwamba alikuwa na mtoto mmoja mwenye njaa. Ferrara wakawa watatu. Na waliosomewa gazeti walimwambia Argia kwamba huko Roma, bungeni, msichana yule alikuwa amejifungulia selo. Wakati ule Argia hakuwa hata na mchumba. Na baadaye, katika ndoa yote, hakujaliwa mtoto.

Siku moja, kwenye karamu ya Mei Mosi, alimuuliza: "Mheshimiwa, wale watoto wangu wako wapi? Nami niwaone."

Alicheka mpaka tai ikalegea. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mikono laini isiyo na alama. "Argia," alisema, "Bunge halisikii msichana mmoja mwenye njaa. Linataka wengi. Mimi nawaleta wengi kupitia kwako. Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nauliza tu."

Tangu hapo Argia alimsikiliza kama anavyoangalia yai kwenye mwanga, kutafuta doa. Hakuliona, wala hakuwahi kusema halipo. Gelindo alipopelekwa vitani, Mheshimiwa alipiga kelele bungeni dhidi ya vita hiyo, magazeti yakamwita haini, watu wakamtemea mate ndani ya treni. "Alipiga kelele," alisema Pasqua, "na mwanangu akaenda vile vile." Mwili wa Gelindo haukurudi. Hata hivyo walipokuja kumwomba Argia dirisha, alilitoa.

*

Jumamosi gazeti la Rovigo liliandika kwamba Mheshimiwa amekimbilia Ufaransa na mwanamke. Kanisani walisema ni Uswisi. Mchimba mchanga alisema yeye hajavusha mtu, hajawahi, hana hata mashua nzima. Argia alivaa viatu, akatembea mpaka kituo cha polisi.

Afande alikuwa anamenya figili kwa kisu kidogo.

"Ulimwona akishikwa?"

"Nilimwona akipotea, afande. Alipita nyuma ya tanuri, hakutokea. Likaja lori."

"Lori lilikuja, au liliondoka?"

"Niliisikia injini."

"Umesikia injini." Alitia figili kwenye chumvi. "Mtu mzima ana ruhusa ya kusafiri, mama. Mbunge ndiyo kabisa, treni hapandi kwa nauli yake. Kupotea si kosa. Ukiniletea maiti, hapo tutaongea."

"Barbujani alikuwepo. Muulizeni yeye."

"Bwana Barbujani alikuwa kwenye maandamano, amesema padre mwenyewe." Afande aliweka kisu chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe? Sikukuu kubwa kama ile, watu wote wamepiga magoti. Wewe ulikuwa unatazama nini juu ya tuta?"

Kama Argia angetaja ishara, angetaja waliokuwa wakikutana kwa ishara hiyo, kila mmoja kwa jina.

"Nilikuwa natazama mvua," alisema.

"Mwezi wa Mei, jua lile." Afande alichukua figili nyingine. "Nenda nyumbani, mama."

Primo alikuja Jumapili baada ya misa, na wanaume wawili wa Chama. Hawakuingia. Walisimama mlangoni na kofia vichwani. Tangu arudi kutoka kwenye lori lile Primo alikuwa na mikono inayotetemeka, na alizoea kuikumbatia kwapani ili isionekane.

"Argia. Shuka."

"Nililazimishwa, ndugu Primo. Alisimama pale uliposimama wewe."

"Kila mtu alilazimishwa."

"Na kila mtu alitundika. Mkeo alitundika mawili."

"Letu halikuwa na maana yoyote. Lako lilikuwa na maana, na wewe ulijua."

"Yeye pia alijua," Argia alisema. "Barbujani. Hakuja kuniambia nitundike shuka. Alikuja kuniambia nitundike lenye mstari mwekundu. Akasema mstari uonekane. Nani alimwita Mheshimiwa siku isiyo yake, na nani alimwambia nyapara habari za mstari?"

Mmoja wa wale wawili, jina lake Nerino, alimtupia Primo jicho, akaliondoa upesi.

"Alisema aliliona," Primo alisema. "Si ulikuwa unalianika kila Jumamosi?"

"Alisema aliliona, ndiyo. Wewe umejuaje amesema hivyo? Sijakwambia."

Jogoo wa jirani alikatiza kati yao, akinyoosha miguu kama bwana.

"Uani pale palijaa watu," alisema Primo. "Kila mtu alisikia."

Huenda ilikuwa kweli. Palikuwa na watu.

"Ungelichana," alisema Nerino. "Mimi ningelichana vipande."

"Ningelala wapi, Nerino? Kwako?"

"Mheshimiwa amelala wapi?"

Kutoka ndani Pasqua alipaza sauti: "Amelala Ufaransa, na mwanamke! Mnamsumbua mkwe wangu kwa ajili ya mtu anayekula mkate mweupe! Tokeni mlangoni!"

Hakuna aliyecheka. Primo alitoa mikono kwapani, akaitazama, akairudisha.

"Unajua kanuni," alisema.

Aliijua. Aliwahi kuinua mkono kuipitisha, dhidi ya Settimio aliyevunja mgomo wa mavuno. Mtu aliyekisaliti Chama hapigwi, na mlango wake hauvunjwi. Ananyimwa kaa la moto, zamu ya tanuri la mkate, na salamu. Mwenye shamba alipokishtaki Chama, Mheshimiwa ndiye aliyesimama mahakamani, na maneno yake yalikaririwa Ca' Morella kama sala: "Nionyesheni sheria inayomlazimisha mtu kumsalimu jirani yake." Walishinda kesi. Settimio alihama na mkewe aliyejifungua peke yake.

"Mpaka lini?" Argia aliuliza.

Primo alikuwa amekwisha kugeuka. Kanuni ilikuwa imeanza.

*

Chama kilikufa kabla ya mavuno. Bendera ilizikwa chini ya banda la kuku la mtu, na mtu huyo akasahau au akasema amesahau. Vibarua walijiandikisha mmoja mmoja katika chama kipya cha mashati meusi, kwa kuwa bila hivyo hapakuwa na kazi, na Barbujani aliwapangia siku. Katika maamuzi yote ya Chama cha zamani ulibaki mmoja tu ulioheshimiwa. Hakuna aliyemsalimu Argia.

Alijifunza kutunza moto usizimike. Alifukia kaa kwenye majivu, akaamka kulitazama, akalifukia tena. Mkate aliuacha, wakala ugali wa njano asubuhi na jioni, mpaka ngozi ya mikono ya Pasqua ikaanza kuchunika na kuwa nyekundu. Kisimani wanawake walinyamaza akifika na kuendelea akiondoka. Hakuwachukia. Alihesabu nyuso tu. Huyu mumewe alipata kazi mapema kuliko wengine. Yule alikuwa uani siku ile, karibu kabisa na nyapara. Huyu mwanawe ana baiskeli mpya. Alianza kuona kwamba kila mtu angeweza kuwa ndiye, na kwamba kila mtu akimtazama yeye alikuwa akihesabu vile vile.

Wakati mwingine alimhesabu hata Mheshimiwa. Alivua kofia akaipunga. Mtu anayesalimu hupunga hivyo, na mtu anayeaga pia. Tanuri lile lina njia upande wa pili. Kama alitaka kuondoka bila kuwaambia watu waliomfikisha Roma, asingepata siku nzuri zaidi. Aliliwaza hilo, akajionea haya, na kesho yake akaliwaza tena.

Siku ya Mtakatifu Martino, barabara za tuta zilipojaa mikokoteni ya watu wanaohamishwa, Barbujani alisimama tena uani.

"Nilitundika, bwana," alisema Argia.

"Ulitundika, nami nilikushukuru. Lakini mjane na kikongwe, nyumba ya vyumba vitatu? Nimewatafutia mahali papo hapa Ca' Morella. Sitaki useme nimekutupa."

Argia alimweka Pasqua juu ya mkokoteni wa mkono, kwenye godoro, na kasha miguuni pake. Getini walipishana na mkokoteni mwingine, wa ng'ombe wawili, umebeba kitanda, kabati, na mke wa Primo Marangon akiwa amepakata saa ya ukutani. Primo alikuwa mbele, ameshika kamba. Nyapara alikuwa amempa kazi ya zizi, kazi ya mwaka mzima, na nyumba ya kukaa, ile ya Argia.

Njia ilikuwa nyembamba. Magurudumu yaligusana. Argia alisubiri.

Primo alisukuma ng'ombe pembeni, akapita bila kumsalimu.

Pasqua alikufa baada ya Krismasi. Kwa jeneza la mtu aliyesusiwa hakuna wabebaji. Padre aliwaleta wazee wanne wa kanisa kutoka kijiji kingine. Mmoja wao, asiyejua habari, alimuuliza Argia kwa upole kama ana watoto.

"Watatu," alisema. "Wapo Ferrara."

Mheshimiwa hajapatikana. Hakuna aliyepeleka maiti kwa afande, na hakuna barua iliyotoka Ufaransa.

Argia anaishi katika chumba nyuma ya zizi. Dirisha lake ni moja, linatazama lundo la samadi, na maandamano hayapiti upande huo. Kila Sikukuu ya Ekaristi, kabla ya padre kutoka kanisani, Primo Marangon huzunguka nyumba zote kwa niaba ya nyapara kukagua madirisha. Akifika kwa Argia hasemi neno. Hunyoosha kidole kinachotetemeka, akaelekeza. Argia hutundika lile lenye mstari mwekundu, kwa kuwa hana jingine.